Bi Pindo na Mkopo wa Nyumba

Asubuhi ile ya mwisho haikuwa na ajabu yoyote. Mke wangu alikunywa chai amesimama, kikombe mkono wa kulia, ncha za pazia mkono wa kushoto. Ncha nyingine nilizishika mimi. Ndivyo tulivyokunja mapazia makubwa, yeye kule, mimi huku, tunakutana katikati kama watu wanaosalimiana.

"Vuta," akasema. "Umelegea kama uji."

"Magoti haya, mama watoto."

"Magoti hayavuti pazia. Mikono ndiyo inavuta."

Nikavuta. Akatia furushi lake kwapani, akatafuta viatu, akatoka, akarudi kuchukua chaki, akatoka tena. Kumuaga sikumuaga. Kawaida yake alisahau kitu kingine akarudi, na hapo ndipo tulipoagana. Siku ile hakusahau. Kabla ya mchana walikuja kuniita. Alikuwa ameinamia meza ya kukatia, hakuinuka. Daktari alisema ni moyo. Hapo sina la kuongeza.

Watu walimwita Bi Pindo. Akiona pindo la nguo yako limefumuka alikusimamisha njiani, akapiga goti, akalishona ukiwa umeivaa. Bwana mmoja wa ofisini aliwahi kumkimbia, naye akamfuata na sindano mpaka mlangoni kwa mkubwa wake. Kutulia alikuwa hawezi. Akikaa ni kwenye cherehani, na hata hapo mguu unakanyaga.

Alishonea watu mapazia maisha yake yote, na dirisha letu lilikuwa na shuka kuukuu. Mganga hajigangi. Wakimuuliza alisema, "Dirisha si langu. Mwenyewe akitaka pazia aje alipe."

Nyumba ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na ua. Watoto walizaliwa humo, wakakua humo, wakaoa na kuolewa wakatoka humo. Mimi nilikuwa fundi rangi, kuta nilizipaka mwenyewe kila zilipochakaa. Kisha mwenye nyumba akafa, akaja mwanawe, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Nyinyi ni wazee wangu," akasema. "Nauza, lakini nafasi ya kwanza ni yenu. Mwaka ukiisha hamjanipa jibu, namuuzia mwingine. Msinichukie."

Tangu siku hiyo mke wangu hakumaliza sahani ya chakula. Katikati ya tonge anainuka, anachukua futi, anapima dirisha. Kesho analipima tena lile lile.

"Dirisha halikui," nikamwambia.

"Najua. Nalikumbusha."

Sehemu ya bei tulikuwa nayo. Iliyobaki ilikuwa ya kukopa. Mimi uzee umenitoa kazini, yeye alikuwa mdogo kwangu na kazi yake ilikuwa hai, basi mkopo uwe kwa jina lake. Tukaenda kwenye kampuni inayokopesha watu wanaonunua nyumba. Tukampata binti mmoja mwenye adabu, akatupa viti. Mimi nilikaa. Mwenzangu alisimama nyuma ya chake ameshika mgongo wa kiti.

Binti aliomba ruhusa ya kuangalia taarifa zake za mikopo. Mke wangu akatia saini. Binti akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Hapa, mama, tunaona mikopo yako yote, uliyo nayo na iliyokwisha. Ulikopa kiasi gani, siku ya kulipa ni ipi, ukalipa siku gani. Tunaona na wengine uliowaomba mkopo karibuni, na uliowadhamini."

"Na huyu mzee mnamwona?"

"Hatumwoni. Hajawahi kukopa."

"Ana bahati. Mimi namwona kila siku."

Binti akacheka, halafu akaacha. Akaweka kidole kwenye mkopo wa cherehani. Alama nyekundu zilishuka chini kama chawa kwenye mshono.

"Mama, hujaacha kulipa hata mara moja. Lakini kila mwezi umechelewa. Hapa, na hapa, na hapa."

"Mimi? Pesa yangu inakuwa tayari kabla ya siku."

"Taarifa inaonyesha siku pesa ilipofika. Ilipokuwa tayari haionyeshi."

"Na kodi je? Kodi hatujaruka mwezi tangu watoto hawajaota meno."

"Kodi haiko humu. Mwenye nyumba wenu hakuipeleka popote. Wala akiba mnayoweka nyumbani."

"Kwa hiyo nilipojikwaa mnapaona. Nilipotembea hamuoni."

Binti hakubisha. Alisema alipe siku yake miezi kadhaa mfululizo, asikope kwingine, kisha arudi. Alama za nyuma hazitafutika, ila wakubwa wataona amebadilika.

Njiani alitembea haraka, nikawa namwita asubiri.

Niseme ilikuwaje. Pale walipokuwa wakishona walikuwa wanawake wanne na mwanamume mmoja, fundi mito. Wote walikopa cherehani za umeme siku moja, kila mtu mkopo wake. Lakini walipatana hakuna kumtangulia mwenzako. Pesa zote zinaingia kwenye kopo moja, na kopo haliondoki mpaka lijae. Anayepungukiwa anasubiriwa, ikishindikana wanamjazia. Mwenye kukopesha akiuliza nani amechelewesha, jibu ni sisi. Waliona hiyo ndiyo heshima. Hakuna aliyejua kwamba huko juu kila mmoja anaandikwa peke yake, mchelewaji.

Aliyesubiriwa kila mwezi alikuwa Mama Zipu. Anabadilisha zipu za mabegi na suruali, kazi ya senti, na mumewe amelala ndani mgonjwa.

Kesho yake mke wangu akawaeleza. Nilikuwepo, nimemletea uzi.

"Yaani wamekuvua nguo mchana kweupe," fundi mito akasema, "na wewe ndiye mshonaji."

"Na wewe umevuliwa, ndugu yangu. Hujajitazama tu."

Wakacheka, kicheko cha kuisha upesi. Mama Zipu hakuinua macho kwenye begi lake.

"Tangulieni," akasema. "Mimi nitafika."

"Utafika na nini?" mke wangu akamuuliza.

"Na miguu yangu. Nenda, dada. Nyumba haisubiri zipu."

Ndipo kila mtu akaanza kulipa lake. Mke wangu alilipa mapema, siku hata haijafika, na akirudi nyumbani hana raha. Anafungua mlango, anafunga. Anahamisha kiti kinaenda dirishani, kinarudi mezani. "Kaa basi," namwambia. "Nimekaa," anasema, na huku anazunguka.

Kabla msimu haujabadilika wakaja watu wawili na mkokoteni, wakachukua cherehani ya Mama Zipu. Kopo lilikuwa halipo tena la kumjazia, na wenzake, kusema kweli, kila mmoja alikuwa akitazama alama zake.

Mke wangu alirudi siku hiyo akapita moja kwa moja hadi uani. Nikamfuata.

"Amekufa mtu?"

"Afadhali kungekuwa na msiba, watu wangekuja. Wamepita nayo mbele yetu, mzee wangu, na hakuna aliyeacha kushona. Hata mimi mguu ulikuwa unakanyaga."

"Ungefanya nini?"

"Usiniulize swali unalolijua jibu lake."

Kesho yake nilimpelekea chakula, nikamkuta anakata kitambaa kwenye meza, na kwenye cherehani yake amekaa Mama Zipu. Asubuhi mmoja anashona, mwingine anakata na kupima. Alasiri wanabadilishana. Mapazia yakapungua nusu. Ile nafasi ya kuweka akiba ikaisha, tukabaki na ya kulipa mkopo na ya kula kidogo. Nikamwambia nyumba itatuponyoka. Akasema anajua. Akaendelea kulipa siku yake, na kupima dirisha hakuacha.

Tulirudi kwa yule binti. Alama nyekundu zilikuwa zimekatika, chini yake kumenyooka. Binti akafurahi kama ni zake. Akasema faili linapanda kwa wakubwa. Mke wangu alimwambia pindo la sketi yake limefumuka, akalishona pale pale, watu wengine wakisubiri kwenye foleni.

Yaliyobaki mnayajua. Tulipomaliza kuzika simu ikalia, binti anamtafuta mama ampe habari. Walikubali. Nikamweleza. Akasema pole baba, mkopo ulikuwa wa mama, hauwezi kuja kwako. Nilijua. Mwana wa mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwaka, mnunuzi amekwisha kuja kutazama. Binti yetu ananiita kwake. Nitakwenda. Kwa sasa mimi ndiye nisiyekaa. Naenda uani, narudi, nafungua mlango, sijui namfungulia nani.

Juzi Mama Zipu alikuja na fundi mito, wamebeba cherehani. Sehemu iliyobaki ya mkopo wa cherehani, wenzake wanne walikuwa wameimaliza kwa kuchanga. Wakaiweka katikati ya chumba.

"Mali yako, baba," Mama Zipu akasema.

"Irudi ilikotoka. Mimi nashona nini?"

Akakaa chini, kanuni zote za ugeni zimemwishia, akalia. Akasema kinachomuuma ni kwamba hakumshukuru. Siku ile ya kwanza alipoitwa akalie kiti cha mwenzake alifungua mdomo tu, akakatizwa.

Nikamuuliza alikatizwa na neno gani, anipe kama lilivyotoka.

"Alisema, 'Usinishukuru, sogea kidogo, nina pazia la mtu linasubiri.'"