Magadi kwa Bata Bukini

Niliolewa Musoma nikitokea upande wa Butiama, kwenye boma la ng'ombe. Mume wangu alikuwa karani wa bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na bwana shauri hakukaa mahali: leo Bunda, kesho Tarime. Wiki tatu nzima nyumbani ni mimi na sufuria zangu. Kiswahili cha majirani wa mtaa wetu wa Mukendo nilikijua nusu nusu, basi nilijifungia ndani, na kila jioni niliichukia.

Ndipo mume wangu akaniletea bata bukini wawili, dume na jike, walioachwa na Mzungu aliyerudi kwao. Niliwacheka kwa shingo zao ndefu na maringo yasiyo na sababu. Baada ya siku mbili nilikuwa nawasimulia habari za kwetu. Jike alipoanza kutaga, nikaanza kuhesabu vifaranga kabla ya wakati wake. Nilivitaka mno, maana mtoto wangu mwenyewe alikuwa hajaja, na mama mkwe alishaanza kuuliza.

Lakini mayai yalitoka laini, ngozi tupu bila ganda. Jike aliyalalia yakapasuka chini yake. Kisha nikamwona akidonoa chokaa ya ukuta.

Hilo nililijua, au nilidhani. Kwetu ng'ombe akianza kutafuna mifupa, hupewa magadi. Nilipokwenda nyumbani kusalimia nikamweleza baba, naye akanifungia donge la magadi kwenye jani la mgomba.

"Mnyama akitafutaga hivyo," akasema, "ujue magadi yamemwishia."

Nikaliponda, nikachanganya na pumba za mtama, kisha nikaongeza kiganja kingine kwa mapenzi.

Siku ile jike alikunywa maji ya karai zima na bado akataka. Kesho yake miguu ikalegea. Siku ya tatu alikufa, kichwa kwenye kanga yangu. Dume alionja tu akasusa, ndiyo maana alipona.

Jirani yangu, bibi wa Kimanyema aliyewahi kufuga bata Ujiji, alisikia nikilia akaingia bila hodi. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia mle tangu mume wangu aondoke. Nikamweleza yote, wala hakunigombeza.

"Mwanangu, bata si ng'ombe," akasema. "Alitaka makome, yale maganda ya konokono wa ziwani, yai lipate ganda. Unayaponda, unamwekea pembeni, anachukua mwenyewe kadiri yake."

Makome yalijaa ufukwe mzima. Nilikuwa nikiyakanyaga kila siku nikienda kuchota maji. Nilijichukia.

Niliokota kikapu kizima, nikayaponda, nikamwekea dume, ingawa dume hatagi. Hakuyagusa. Alisimama uani akimwita mwenzake, akinyamaza kidogo kungoja, kisha akiita tena. Siku ya nne ya kuita kwake nilishindwa kuvumilia. Nikatoka, nikachuchumaa karibu naye, nikaitika. Akanyamaza, akanitazama, akageukia upande mwingine, akaendelea kuita.