Mechi Yangu Iliyopigwa Video Kama Harusi

Mnisamehe mwandiko, na mkikuta herufi imekaa mahali si pake mjue ni mkono wangu, si mashine ya kijarida chetu cha kanisa. Kiswahili changu cha kuandika kiliishia darasa la saba, Morogoro. Tangu tuhamie hapa Weston, ughaibuni, nakitumia kumjibu mama tu. Naandika polepole, ukurasa huu umenila siku nne. Mdomoni ni mzito zaidi, ndiyo maana hamjawahi kunisikia ingawa kila Jumapili kanisani nakaa benchi lile la nyuma, karibu na hita.

Nataka chuo kinichukue nikacheze mpira wa kikapu. Sina ombi lingine. Tatizo ni kwamba timu ya shule nimeichezea msimu mmoja, na msimu wenyewe nimeukalia. Miaka ya mwanzo, siku ya majaribio nilikuwa nafika mpaka mlangoni pa ukumbi, nasikia viatu vinavyolia sakafuni, narudi nyumbani. Nilijifunzia uwanja wa nje, Mount Dennis, pamoja na watu wazima wanaotoka kazini, ambao kwao kumsukuma mtu si kosa mpaka damu itoke. Mwaka huu wa mwisho kocha wa shule alinikuta pale, akanichukua, akanipa jezi na benchi.

Kocha wa chuo hasafiri kuja kumtazama mtu wa benchi. Anataka video ya mechi. Basi wiki ya mechi ya mwisho wachezaji wawili waliugua mafua, kocha akaniambia nitaanza. Hapo nikafanya kosa. Nikamwambia mama.

Mama akamwambia mwenyekiti. Kwa wageni: mwenyekiti ni yule mama anayeongoza kamati za harusi zetu zote. Sisi Watanzania wa mji huu hatuwezi kuona jambo tukaliacha bila kamati. Jumatano walijaa sebuleni kwetu, wakafungua kwa sala, wakajadili sare.

"Vitenge vya kijani," mwenyekiti alisema. "Mtoto aonekane ana watu."

"Na video?" mama aliuliza.

"Video si tunaye anko?"

Anko mnamjua, mpiga video wa harusi zetu. Hakuna bibi harusi wa kwetu ambaye hajapigwa taa yake machoni. Mimi nilikuwa jikoni natoa vikombe. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema.

Ijumaa walifika kumi na mmoja, na sinia la sambusa, kwenye ukumbi wenye tangazo kubwa la kukataza chakula. Mwenyekiti alitaka kwanza kumsalimia refa. Anko alisimika taa yake kwenye kona. Mwenzangu mmoja wa timu alimtazama, akamtazama mama na kilemba chake, akanigeukia.

"Unaoa leo?"

"Hapana."

"Basi mwambie yule mzee aniache, ananifuata kama mimi ndiye bi harusi."

Wote wakacheka. Kuna mwanafunzi ambaye kazi yake ni kupiga video mechi zote kwa simu, kutoka juu, bila kupepesa. Kocha wa shule alipoiona ile taa alimwambia apumzike. "Leo tuna mtaalamu," alisema. Nilisikia, na hapo pia sikusema.

Nilicheza. Sijivuni, maana aliyeona ni nani? Nilifunga vikapu saba, nikamkaba mchezaji wao bora mpaka akaanza kumlalamikia kocha wake. Mara mbili nilitupa jicho kwenye kona. Mara ya kwanza kamera ilikuwa kwenye sambusa. Mara ya pili ilikuwa kwa baba mchungaji, aliyekuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake.

Baada ya wiki mbili anko alileta video. Inaanza na maua ya waridi yanayodondoka, na jina langu kwa maandishi ya dhahabu. Kwaya inaimba. Mwenyekiti anatoa neno la shukrani. Wageni wanaingia mmoja mmoja, mwendo wa taratibu, kila mmoja akipunga mkono. Mpira unaonekana baada ya dakika sita. Halafu napokea, naruka, mpira unanitoka mkononi, na kamera inamgeukia mama anayepiga vigelegele. Kila kikapu hivyo hivyo. Ndivyo anko alivyozoea: keki ikiingia mdomoni, yeye anawapiga video mashangazi. Mtu akiitazama yote hatajua kama nilifunga hata kimoja.

Mama alilia kwa furaha. Mwenyekiti akasema, "Hapo chuo gani watakataa?" Kabla sijajikaza kumzuia, kamati ilikuwa imeshaituma kwa makocha watatu wa vyuo, na barua yenye salamu za kamati nzima.

Wawili wako kimya. Wa tatu aliniandikia mwenyewe: "Naona familia yako inakupenda sana. Sijakuona ukicheza. Nafasi moja bado iko wazi mpaka mwisho wa mwezi. Nitumie mechi halisi."

Nilikwenda kwa anko, Lawrence Heights, kwa basi mbili.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, staa wetu! Umeiona kazi?"

"Naomba ile nzima. Ambayo hujaikata."

"Nimefuta, mwanangu. Kadi ya kamera ni moja na Jumamosi yake nilikuwa na sendofu ya kumuaga bibi harusi." Akanitazama. "Kwani maua hujayapenda?"

Nikasema yamependeza. Ndiyo, nilisema hivyo. Mtu aliyeona kamera iko kwenye sambusa akanyamaza hana haki ya kumcheka anko, lakini namcheka, na kamati naicheka, na mimi mwenyewe najicheka zaidi.

Jumapili iliyopita mlitangaziwa kanisani kwamba nimeshapata chuo, mkapiga makofi. Sijapata. Mlipiga makofi ya bure.

Sasa nawaambia ninachotaka. Ile siku mlikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Najua wengi mlijipiga nyinyi wenyewe na vitenge vyenu. Naomba mzitazame tena hizo video. Mgongoni mwenu, nyuma ya vilemba, kuna uwanja, na kuna mtu wa jezi namba kumi na tisa anakimbia. Hata sekunde ishirini, hata mpira ukiwa umekatwa nusu na sikio la mtu, nitaziunganisha. Msinisimamishe mlangoni kuniuliza, nitakosa la kusema. Niandikieni kwenye karatasi kwamba mnayo, mumpe mama pale anapogawa vitabu vya nyimbo. Mwezi umebakiza siku tisa. Na tafadhali, msiunde kamati.