Ndoo Tupu za Bomba la Pito

Nimerudi Pito, huku Ufipa, kwa bibi, shahada yangu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, kusubiri kazi ambayo sijui kama itakuja. Juzi asubuhi nilibeba ndoo kwa mazoea nikaenda bombani. Pamebaki sakafu ya saruji iliyopasuka, mbuzi wamelala juu yake. Siku hizi kila nyumba ina bomba lake uani. Nikasimama pale na ndoo yangu, nikijiuliza nani ananiona.

Ungeiona foleni ya pale zamani, ndugu yangu. Tulipanga ndoo alfajiri, baridi ya Juni ikituuma vidole, kisha tukarudi jikoni kuota moto na kula viazi vya kuchoma. Ndoo ilimshikia mtu nafasi. Hata wagomvi hawakuthubutu kuisogeza ndoo ya mwenzao.

Nikiwa darasa la tatu mvua zilikatika mapema na mahindi yakanyauka. Ulezi wa jirani yetu mjane ukasimama vizuri, kwa kuwa alikuwa amefukia majani mengi ndani ya matuta yake ya duara, kama wazee walivyofundisha, huku sisi wengine tukilima haraka haraka. Watu wakasema ni mchawi, ameivutia mvua shambani kwake. Wakaacha kumsalimia. Kisha kijana aliyeshika ufunguo wa bomba akamkataza kuchota. Bila maji angehama, na ndicho walichotaka.

Nami nilimpita bila shikamoo, mama aliyekuwa akinipa mahindi ya kuchoma kila nikitoka shule. Jambo hilo nimelifikiria kuliko mtihani wowote nilioufanya.

Kesho yake baada ya mjane kukatazwa maji, bibi aliwahi foleni. Zamu yake ilipofika akamshika jirani mkono, akamwambia yule kijana, "Zamu yangu ni yake."

"Huyu simfungulii. Chota wewe."

"Basi ndoo yangu itakaa tupu mpaka ya kwake ijae."

Akaisogeza ndoo yake pembeni ili wengine wachote, yeye na jirani wakakaa chini.

"Naona bibi ameanza masomo ya uchawi!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

Bibi alipiga magoti mbele ya kijana yule, mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimiana Ufipa. "Umeamkaje, mwanangu? Watoto hawajambo?" Kijana akamfungulia aliyefuata foleni. Tukaenda kuchota kijitoni, mbali, mimi nikinung'unika njia nzima kwa nini hakumtukana.

"Nikimtukana atapata la kunishikia," alisema. "Nikimsalimia, atalala nayo salamu hiyo."

Siku ya pili zilikuwa ndoo tatu pembeni. Siku ya nne zilikuwa tisa, na kila mwenye ndoo alipiga magoti na kumsalimia yule kijana. Siku ya tano akaja mama mzazi wa kijana, akaiweka yake ya kumi, tupu.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi. Leo hamna maji ya ugali, utatafuna unga."

Watu wakacheka, safari hii hata yeye. Kijana akageuza ufunguo. "Lete ndoo, mama," akamwambia jirani yetu. Mjane akapiga magoti, akampigia makofi.

Nilimfuata nyuma nikasema shikamoo, kwa sauti ndogo. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, kama kila siku. Mpaka leo sijui kama hakuwa ameona nilivyompita, au alikwisha kunisamehe. Amefariki, siwezi kumuuliza.

Sikikumbuki kijito kwa hamu, wala vidole vilivyokufa ganzi. Ninachokosa ni mahali pale ambapo kila mtu alilazimika kuonekana. Jana katika kundi la mtaa la simu, mtu aliandika kwamba mama wa dukani, aliyehamia kutoka Kabwe, anavuta wateja kwa uchawi. Wengi wakaweka alama za kicheko. Niliandika jibu mara nne, nikalifuta mara nne. Mle hamna pa kuweka ndoo tupu.

Nilipomsimulia bibi aliuliza tu, "Chumvi ipo?"

Ilikuwepo. Leo asubuhi nimeenda kwa mama yule kununua nyingine. Mlangoni pa duka walikuwa wamesimama wale wa alama za kicheko. Nikamwelekea mama wa dukani, nikapiga magoti, nikapiga makofi, nikasema shikamoo kwa sauti, mpaka wote wakageuka.