Chachu Iliyomwagwa

Waokaji niliowajua katika miji mingi huinusa chachu yao. Huyu wa chini ya chumba nilichopanga huitegea sikio. Kila alfajiri anainua mtungi wa kioo, anaubandika sikioni kama simu, na akisikia mapovu yakipasuka humo ndani anasema, "Wameamka." Ndipo anajifunga aproni na kuwasha tanuri.

Ni unga na maji tu, vilivyochachishwa na mama mkwe wake zamani. Kila siku sehemu inaingia kwenye mkate, sehemu inabaki mtungini na kulishwa unga mpya. Wateja wanafuata uchachu wake. Siku mkate ukiisha mapema, wanaondoka wamenuna.

Miezi michache iliyopita bintiye alijifungua, naye akaenda kumtunza mzazi. Mumewe, mwalimu mstaafu wa biolojia, hajui kukanda hata udongo. Kwa hiyo mtungi aliachiwa wifi, dada wa mwalimu, mwanamke msafi wa kupindukia.

Mwokaji aliporudi aliukuta mtungi umefudikizwa mezani, unang'aa.

"Wifi, watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani? Lile tope? Limetoa maji ya kijivu juu, linanuka pombe mpaka kichwa kinaniuma! Nikasema, nyumbani kwa kaka yangu pombe haikai. Nimemwaga, nikasugua kwa sabuni na maji ya moto. Hata asante hunipi?"

Mwokaji alikaa taratibu juu ya gunia la unga. "Umemmwaga mama yako, wifi."

Wifi akaangua kicheko, maana wawili hawa hutaniana tangu harusini. Halafu akamtazama vizuri usoni, na kicheko kikamkauka. Miaka yote alidhani kila mara inatengenezwa chachu nyingine. Kumbe ndiyo ile ile ya mama yake, iliyoumua mikate aliyokulia.

"Kaka, nimeiua?"

"Ile ya mtungini, ndiyo," alisema mwalimu. "Na wala haikuwa imeharibika. Ilikuwa na njaa."

"Baba, leo si darasa," mkewe alimwonya.

"Dakika moja tu, mke wangu. Hamira iliyomo kwenye chachu ni seli hai, kama za mwili wako. Seli ikipata sukari na oksijeni, inaivunja sukari mpaka mwisho: nguvu yote inayoweza kuichota inaichota, yanabaki maji na hewa ya ukaa. Ndiyo kazi inayofanyika ndani yako sasa hivi, dada yangu, ukiwa umesimama hapo unalia. Ikikosa oksijeni, kama huko chini mtungini, inaivunja nusunusu. Inapata nguvu kidogo ya kuishi, inatoa hewa inayoumua unga, na inaacha pombe. Nguvu nyingi inabaki humo humo kwenye pombe, ndiyo maana spiriti inawaka. Unga ukiisha, pombe inajitenga juu. Harufu ile ilikuwa inaomba chakula."

"Basi ungesema mapema!"

"Uliniuliza? Ulinifukuza jikoni na ufagio."

Mwokaji hakuwa akiwasikiliza. "Kitambaa cha kufunikia unga kiko wapi?"

"Lile dekio la nyuma ya mlango? Lina makoko, limekakamaa kama ubao. Nilitaka kulichoma, ila kiberiti kilikuwa kimeloa."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo mwokaji alicheka. Alikitandaza kitambaa, akakwangua kwa kisu makoko ya chachu iliyokaukia hapo mpaka akapata kiganja kimoja. Mwalimu alisema seli zikikauka hulala, pumzi yao ikawa kidogo mno, lakini nyingine huamka. Mkewe akachanganya na unga na maji vuguvugu, aliyoyapima kwa kiwiko. Mwalimu akashika mwiko na kukoroga kwa nguvu, ili hewa iingie wazaane haraka.

Tanuri lilibaki baridi. Hamira ya dukani ilikuwepo, lakini mwokaji hakuigusa. Kila asubuhi alitega sikio: kimya. Alimwaga nusu, akalisha tena. Wifi naye alifika kila siku, akasimama mlangoni kuutazama mtungi.

Asubuhi moja mwokaji alimnyooshea mtungi. "Hebu sikiliza wewe."

Wifi akausogeza sikioni, akafumba macho. "Kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu."

"Ndiyo wao."

Mikate ya kwanza ilikuwa mifupi na migumu, inabishana na meno. Wifi alitafuna kipande, akameza, akatoa mfukoni mtungi wake mwenyewe. "Nigawie. Ikifa kwako, iwepo kwangu."

"Nikugawie wewe, mmwagaji?"

"Mmwagaji ndiye anayejua uchungu wake, wifi."

Akagawiwa. Siku hizi mwalimu analalamika kwamba nyumba mbili zinapigiana simu kuulizana kama mtungi umekula, na yeye hakuna anayemuuliza.

"Wewe ukikosa unga unapiga kelele," mkewe anamjibu, na kumkatia mkate ungali moto.