Amani Aliyotakiwa Kuitangaza

Mtu akipita nje ya chumba cha mama mdogo asubuhi hudhani anagombana na mteja.

"Leo wiki ya tano. Ulisema uko pamoja nasi, mbona sikuoni? Na usiniambie nirudi Ijumaa. Maneno hayo ya Ijumaa bingwa wake ni mimi."

Hakuna mteja. Mama mdogo ni fundi cherehani, na hapo anasali, mguu kwenye pedali, kitambaa kikipita chini ya sindano. Amesali hivyo tangu nilipokuwa nikikaa kwake nikisoma shule ya msingi.

Wiki tano zilizopita, mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo walilokuwa wakijenga. Hakuwa na mkanda wa usalama kwa sababu hakuna fundi aliyepewa. Mikanda sita ilikuwa stoo, bado imo kwenye nailoni zake, kwani mkandarasi alisema inawachelewesha watu. Sasa baba mdogo amelala nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kwenye cherehani, na kuanzia kiunoni kushuka chini hasikii kitu. Mkandarasi huyo ni mzee wa kanisa letu. Naandika haya polepole, maana nikiandika haraka nitatukana.

Tangu siku ile mama mdogo hapati usingizi zaidi ya saa moja. Majuzi aliunga mikono ya gauni kinyume, wa kushoto kulia, yeye aliyenifundisha kutambua mbele na nyuma ya mkono kwa kupapasa tu. Muuguzi anayekuja kumtazama mgonjwa alimwambia wazi, "Mama, usipolala, humu ndani watakuwa wagonjwa wawili."

Alhamisi mkandarasi alikuja kutufariji. Alikaa kwenye kiti cha wateja, magoti yamebanwa na marobota ya vitambaa.

"Dada, kanisa zima linakutazama wewe," alisema. "Jumapili simama utoe ushuhuda. Sema una amani, sema umesamehe. Usingizi utaupataje na hasira moyoni? Hasira ni ya shetani."

"Na mikanda ni ya nani?" niliuliza.

"Kijana, hapa tunazungumza mambo ya kiroho."

"Kwani mgongo wake ulivunjika kiroho?"

"Msomi," mama mdogo alisema bila kuinua macho, "kachemshe maji."

Nilichemsha maji. Mzee alipoondoka nilimwambia mama mdogo asikanyage tena kanisa lile. Nilihutubu, nakiri. Nilisema imani inayomziba mdomo mjane mtarajiwa ni mali ya waajiri.

"Mjane mtarajiwa nani?" sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Mimi nasubiri chai tu. Maji yamechemka saa nzima."

Mama mdogo alicheka, kisha akanigeukia. "Umemaliza? Mungu hakufungia mkanda wowote stoo. Unataka nimwache Mungu, yule mzee abaki naye peke yake?"

Nilikwenda kumimina chai. Chuoni hawakunifundisha hilo.

Jumapili walimwita mbele. Alishika kipaza sauti kama anavyoshika mkasi, kwa nguvu.

"Nimeombwa niseme nina amani. Sina. Nikisema ninayo nitakuwa namdanganya Mungu, na siku hizi ni yeye tu ninayemwambia kweli yote. Nagombana naye kila asubuhi. Hajanifukuza. Nampigia kelele leo, kesho namkuta palepale, na hilo ndilo limenizuia nisiwe kichaa." Alivuta pumzi. "Mzee, ulitaka nisamehe. Nitasamehe, najua nimeamriwa. Lakini nisamehe nini, kama hakuna aliyesema alichofanya? Mikanda ilikuwa wapi?"

Mwalimu wa kwaya aliinua mkono ili waimbe. Kwaya haikuimba. Kutoka benchi la nyuma mwashi mmoja wa jengo lile alisimama, kofia mkononi.

"Stoo," alisema. "Mpaka leo iko stoo."

Ningependa kuandika kwamba mkandarasi aliomba radhi. Alichukua funguo za gari akatoka kabla ya baraka. Jioni ile wapo waliosema mama mdogo ameharibu ibada. Kwangu mimi, ibada iliharibika siku mtu yule alipopewa benchi la mbele, na hakuna aliyeuliza juu ya mafundi wake.

Tulirudi nyumbani mchana. Mama mdogo alivua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda ili amweleze mumewe yaliyotokea. Hakufika katikati. Aliinama, akajilaza juu ya miguu ya baba mdogo, akaanza kukoroma, na kitambaa bado kichwani.

Nilitaka kumsogeza asimwelemee mgonjwa.

"Mwache," baba mdogo alininong'oneza. "Miguu yenyewe haina kazi nyingine."