Mikebe Minne Niliyosubiri Iishe

Mimi ndiye mwenye makosa, na sitaki mtu anitetee. Nimekaa na hili jambo mpaka chakula kinanishinda kumeza. Wewe nisikilize tu, kisha ukitaka kunitukana, tukana. Mimi mwenyewe nishajitukana.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, na kazi yangu huku ughaibuni ni kutunza wazee majumbani kwao. Nilipata kazi Springfield, kwa mama mmoja Mtanzania, mtu wa Tanga, anayeishi na binti yake. Mama nilimwita Bibi. Binti tumwite Salma, si jina lake. Watu wa heshima, jameni! Ukiingia unaulizwa habari za kwako kabla hujavua koti.

Siku ya kwanza Salma alinionyesha jikoni, sufuria baada ya sufuria. Moja ilikuwa imetoka Tanga kwenye sanduku, imebonyea pembeni, na Bibi hakutaka kupikiwa kwenye nyingine.

"Dada, nina ombi moja tu," Salma akaniambia. "Nguruwe asiingie jiko hili. Hata harufu yake."

Nikacheka. "Usijali, dadangu. Nimekua na majirani Waislamu. Hayo nayajua."

Nayajua! Wueh, mdomo wangu huu!

Bibi alikuwa ametoka hospitali. Nimonia ilikuwa imemmaliza, amebaki mifupa na macho. Mchuzi wa samaki hataki, uji hataki, hata chai anaonja tu anasukuma kikombe. Asubuhi nilikuwa namwona Salma kupitia dirishani, amekaa kwenye gari analia kwanza ndiyo aende kazini.

Siku moja Bibi akasema mwenyewe, "Mwanangu, nikipata maharage ya kopo juu ya tosti, hayo nitakula."

Kumbe ujanani alisomea unesi Uingereza, na kwenye hosteli yao walipewa hayo karibu kila asubuhi. Maharagwe ya mchuzi wa nyanya, si matamu sana, unayamwaga juu ya tosti iliyopakwa siagi. Akiyaeleza, mate yalimjaa mdomoni. Mtu ambaye wiki nzima hakutaka hata ndizi!

Basi nikaanza kutafuta. Lakini jameni, hawa watu wa huku waliyafanyia maharagwe nini? Mkebe wa kwanza ulikuwa mweusimweusi, mzito, mtamu kama sukari guru iliyoyeyushwa. Sukari kwa maharagwe! Bibi alionja kijiko kimoja akatema kwenye tishu.

"Hii jamu au maharage?"

Mkebe wa pili ulinuka moshi, kama jiko la kuni lililomwagiwa maji. Nilionja mimi mwenyewe nikakimbilia sinki. Aki maharagwe ya kunuka hivyo, na mtu analipa!

Salma akauliza wenzake kazini, akaambiwa kuna duka Columbia Heights linauza yale yenyewe ya Uingereza. Akaniomba niyapitie Jumamosi. Nikasema sawa.

Sikwenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuoza. Nilikuwa nimechoka, na kubadilisha treni kwenda na kurudi kwa sababu ya maharagwe niliona ni ujinga. Nikaingia supamaketi iliyo karibu na kwangu, nikabeba mikebe ya aina nyingine, mingi, bila kusoma chochote. Nani asome mkebe wa maharagwe? Kwetu maharagwe ndiyo unakula siku ambayo hakuna nyama! Sikuota kwamba kuna mahali duniani mtu anakaa chini anachanganya hivyo vitu viwili na hasemi kwa sauti.

Nyumbani kwangu nikayamwaga kwenye chujio, nikayaosha ule utamu wao, nikayatia kwenye chupa ili mkebe usionekane. Kesho yake, kwenye ile sufuria ya Tanga, nikakaanga kitunguu na nyanya, nikatia maharagwe, pilipili manga na siki kidogo. Tosti nikaiacha ikauke vizuri, siagi mpaka ukingoni.

Bibi alikula. Alikula mpaka akafuta sahani na kipande cha mwisho. Akafumba macho.

"Ndiyo haya. Ndiyo haya hasa! Umeyapata wapi, mwanangu?"

"Columbia Heights," nikasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Karibu wiki tatu nilimpikia hivyo, mkebe mmoja kila siku. Akaanza kuketi. Akaanza kunitania, ati mume wangu lazima ananenepa. Asubuhi moja nilimkuta amesimama mwenyewe dirishani, ameshika pazia. Salma alinikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka. Nami nilivimba kichwa, sikatai. Nilijiona daktari.

Lakini kila mkebe ulikuwa na kidude ndani. Kipande cheupe, kinateleza, kama ngozi ya mtu aliyekaa majini sana. Nilikuwa nakitoa kwa ncha za vidole nikikunja uso, nakitupa, naosha mikono. Nikajiambia ni mafuta ya kiwandani yameganda. Jumatatu moja jioni kinyaa kikanizidi, nikauokota mkebe kwenye takataka nisome.

Nyama ya nguruwe. Imeandikwa wazi, si kwa herufi ndogo hata.

Nilitapika. Mimi ninayemla nguruwe Krismasi bila wasiwasi, nilitapika!

Sasa ngoja nikwambie ninachoungama, kwa sababu kule kutosoma kulikuwa uzembe tu. Kabatini mwangu kulikuwa na mikebe minne imebaki. Nikaiangalia. Nikafikiria Bibi akijua, ataacha kula, atarudi kitandani. Nikafikiria kazi yangu. Nikafikiria nikibadilisha ghafla ladha itabadilika, ataniuliza. Nikasema moyoni, acha kwanza hii iishe.

Acha iishe! Unasikia hayo maneno? Kama mtu anayemalizia sabuni!

Jumanne nikampa. Jumatano nikampa. Alhamisi aliniombea dua, mkono wake uko kichwani kwangu, na mdomo wake una mafuta. Ijumaa nikampa tena, siku aliyovaa kanga mpya.

Ijumaa hiyo jioni nilirudi kwenye ile supamaketi. Rafu ileile, kando kabisa ya ile mikebe yangu, ulikuwepo mkebe umeandikwa hauna nyama. Siku zote hizo ulikuwa umbali wa kiganja! Nikaununua. Nikajiambia kesho naanza upya, hakuna atakayejua.

Jumamosi nikamkuta Salma jikoni, anacheka. Alikuwa amekwenda mwenyewe Columbia Heights kutuletea mikebe ya Uingereza, ati anipunguzie safari. Alikuwa ameshampikia mama yake. Bibi alionja, akaweka kijiko chini.

"Haya siyo. Ya huyu mwanangu ni matamu kuliko haya."

"Haya, dada, tuonyeshe kopo lako," Salma akasema. "Unatuficha nini?"

Nikatoa ule mkebe mpya kwenye mkoba. Salma akausoma pande zote.

"Kumbe ni ya hapahapa! Lakini afadhali, hayana nyama. Huku mengi yana nguruwe, hata nilisahau kukwambia."

Bibi akamkatiza, karibu akasirike. "Wewe! Huyu hawezi kunilisha haramu. Amekua na Waislamu."

Njia ya kuponea ilikuwa hapo, nimefunguliwa mlango kabisa. Nikashindwa. Nikakaa sakafuni, nikasema yote, na Columbia Heights pia.

Salma alipiga kelele. Bibi hakupiga. Alijifuta midomo na upande wa kanga, akafuta tena, akafuta tena, na midomo ilikuwa mikavu. Kisha akaniuliza polepole.

"Yale ya kabla hujajua, Mungu anajua. Baada ya kusoma, ulinipa mara ngapi?"

"Nne, Bibi."

Akatikisa kichwa. Akamwambia Salma aende nyuma ya nyumba akalete udongo. Salma akachimba kwa kijiko chini ya ua, baridi ikimtoa machozi. Nilijua maana yake. Kwao kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikainuka nikanyoosha mkono nichukue sufuria, angalau hiyo niioshe mimi.

"Usiguse," Bibi akasema.

Salma akaosha, Bibi akihesabu kwa sauti kutoka kwenye kiti chake. Moja, ile ya udongo. Mbili. Tatu. Alipofika nne alinyamaza, akaniangalia. Maji yakaendelea kutiririka. Ndipo akaendelea, tano, sita, saba, bila kuniangalia tena.

Kazi ilikwisha siku hiyo, na ilistahili. Lakini si kazi inayonifanya nijichukie. Salma alinijibu simu mara moja tu baada ya hapo. Akasema Bibi hali tena kitu kilichopikwa na mtu wa nje, na hata mkate anataka karatasi yake isomwe mbele yake kwanza. Akasema amepungua tena. Nikamuuliza kama amerudi kitandani, akakata.

Basi wewe unayemlisha mzazi wa mtu, soma. Soma hata maharagwe, soma hata chumvi, hasa huku. Na ukishakosea, usinunue mkebe mpya wa kujifichia kama nilivyofanya mimi. Mikono hii nimeiosha, na bado nasikia kile kidude cheupe kikiteleza katikati ya vidole. Ukijua Jumatatu, sema Jumatatu. Usingoje iishe!