Picha kwa Hisani

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya vifurushi vya basi hapa Garissa. Mbele yangu alisimama mwalimu mmoja, mtu wa Voi. Alifungua kifurushi chake palepale, akatoa kitabu cha habari za reli na kumgeuzia mama Msomali wa kaunta.

"Hii treni niliipiga picha mimi, nikiwa likizo nyumbani. Niliwapa wachapishaji bure."

Mama akainama, akasoma maandishi madogo chini ya picha: *Picha kwa hisani*. Hisani ya nani, hawakuandika.

"Kumbe wewe jina yako ni Hisani, maalim?"

Mwalimu akapitisha kidole juu ya neno lile, kama anayepangusa vumbi.

"Ndiyo," akasema.

"Mashallah. Bicha safi sana, Hisani."

Wema hauozi, tunaambiwa. Kinachooza upesi, nadhani, ni jina la aliyeutenda, hasa likipitia kwa wachapishaji. Mama akageukia mzigo wangu. Mwalimu hakuondoka. Alibaki pembeni na kitabu kikiwa wazi, katika mji usio na reli hata moja, akingoja labda aitwe Hisani tena.